Kaltumi Ajifunza Kuelea Chini ya Maji

Kaltumi alikaa mtaa wa Kyebando na mumewe Taban, mwendesha boda boda. Kila asubuhi Taban alimpeleka kazini Nakasero. Huko Kaltumi alifanya usafi kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja. Kuogelea alikujua tangu utotoni.

Mwaka huo kikundi cha uokoaji kilianza kufundisha wapiga mbizi katika bwawa hilo. Kilitafuta wanawake pia. Kaltumi akajiandikisha.

Siku ya kwanza alivaa mtungi wa hewa, jaketi la kujazwa hewa, na mkanda wenye vipande vizito vya chuma. Alipoingia majini, akazama mara moja. Magoti yakagonga sakafu. Akapiga mikono na miguu, lakini hakuinuka. Akabonyeza kitufe cha kujaza jaketi, akabonyeza tena. Ghafla akafyatuka kwenda juu, pumzi ameibana kwa hofu.

Mwalimu wao, Khaemba, alimkimbilia. Alikuwa Mkenya aliyepiga mbizi miaka mingi.

"Kifua kinauma?"

"Hapana, Mwalimu."

"Tumshukuru Mungu. Ukipanda haraka na pumzi umeibana, mapafu yanaweza kupasuka."

Jioni Taban aliposikia alikasirika. "Mama Akram, acha mambo hayo! Watoto watabaki na nani?"

Lakini Kaltumi aliwaza mtihani wa kikundi. Ulikuwa wiki iliyofuata. Asiyeweza kutulia majini bila kugusa chini angeondolewa.

Kesho yake alimwambia Khaemba, "Mwalimu, labda mwili wangu hauwezi."

"Mwili wako hauna shida. Nionyeshe mkanda." Khaemba akauinua. "Nani alikupa huu?"

"Niliukuta pale."

"Huu ni wa mwanamume mnene, tena wa baharini. Maji ya chumvi humwinua mtu zaidi. Hapa hayana chumvi. Unahitaji uzito mdogo."

Akapunguza vipande, kimoja baada ya kingine. Kaltumi akaelea wima majini, jaketi likiwa tupu. Alipovuta pumzi, maji yalimfika machoni. Alipoitoa, alizama polepole.

"Hapo sawa," Khaemba alisema. "Sasa, tukiwa chini, weka hewa kidogo tu kwenye jaketi, kisha ngoja. Ukivuta pumzi utapanda kidogo. Ukitoa utashuka. Usiibane kamwe. Na ukipanda juu, panda taratibu ukitoa hewa ya jaketi."

Walishuka pamoja. Kaltumi akavuta pumzi polepole, akatoa polepole. Mikono akaikunja kifuani. Sakafu ilikuwa karibu, lakini hakuigusa. Alitamani Taban amwone.

Mtihani ulifanyika kwenye ghuba tulivu ya ziwa, kina cha mita tatu. Chini palikuwa na tope laini. Kaltumi alitulia juu yake, na maji hayakuchafuka. Akafaulu.

Mwezi uliofuata, mchuuzi wa samaki aitwaye Ajwang alikuja kikundini akilia. Injini ya mtumbwi wake ilikuwa imeanguka ziwani karibu na gati. Vijana wawili walijaribu kuitafuta, lakini walitibua tope, wasione kitu.

Tope lilipotulia, Kaltumi akashuka na mwenzake Mugisho. Walielea juu kidogo ya tope, wakipumua taratibu. Wakaiona injini, wakaifunga kamba bila haraka. Khaemba na watu waliokuwa gatini wakaivuta.

Ajwang alimkumbatia Kaltumi, gauni likalowa. "Asante, dada yangu! Asante sana! Watoto wangu wangekula nini?"

"Mshukuru Mwalimu Khaemba," Kaltumi alisema. "Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa."

Taban, aliyekuwa akingoja gatini, alimwendea Khaemba na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ssebo, bwana wangu, mimi nilimwambia aache," alisema. "Asante kwa kutonisikia."

Khaemba akacheka. "Sikukusikia kwa sababu hukuniambia."

"Basi sasa nakuambia. Endelea kumfundisha."