Azeta Achagua Pikipiki kwa Mtani

Jogoo wa jirani zao, kina Zeba, alipoanza kelele zake alfajiri, Azeta alikuwa ameshaamka. Alifagia ua, akateka maji, akanywa uji wa uwele, kisha akapanda baiskeli kwenda shule mjini Tenkodogo. Njia ni ndefu, vumbi tupu, na ile baiskeli, tuseme ukweli, ilikuwa imechoka kuliko mwenyewe. Mnyororo ulichomoka kila ulipojisikia.

Wenzake wenye pikipiki walimpita wakipiga honi. Inusa, aliyesoma naye darasa moja, alikuwa na pikipiki nyekundu, ndefu, yenye tangi nono.

"Azeta, hiyo baiskeli unaiendesha au unaitembeza?" alimuuliza kila siku, na kila siku alicheka peke yake.

Maneno hayo hayakumuuma Azeta. Kilichomuuma ni kuchelewa. Mwaka huu alikuwa darasa la mtihani, na mwalimu mkuu alikuwa amesema waziwazi kwamba atakayeendelea kuchelewa atatolewa darasa hilo na kurudia mwaka. Azeta alikuwa amechelewa mara nyingi mno.

Mama yake, Mama Salamata, alilijua hilo. Karanga zake zilikubali mwaka huo, na alipomaliza kuuza gunia la mwisho alimwita bintiye.

"Jumamosi tunakwenda mjini. Utachagua pikipiki mwenyewe, maana ni wewe utakayeipanda. Ila hela ndiyo hii. Tukikosea, hatuna nyingine hadi mavuno yajayo."

Azeta hakulala vizuri wiki hiyo kwa furaha.

Pikipiki za mtumba mjini ziliuzwa na Nebie, Mgurunsi mmoja mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Sasa, makabila yetu mawili, sisi Wabisa na wao Wagurunsi, ni watani tangu enzi za mababu. Sisi tunawaambia wanakula mbwa, wao wanatuambia vichwani mwetu hamna kitu ila karanga. Anayekasirika ndiye anayeaibika.

"Jamani, fungeni milango!" Nebie alipaza sauti alipowaona. "Wala karanga wamefika!"

"Wewe nawe, futa kwanza manyoya ya mbwa mdomoni ndipo uongee na watu," Mama Salamata alimjibu, na wakashikana mikono huku wakicheka mpaka machozi.

Azeta hakuwasubiri. Alikuwa ameshaiona pikipiki nyekundu, ndefu, sawa kabisa na ya Inusa! Aliipanda hapohapo. Vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa chini, lakini nani alikuwa na habari na vidole?

"Shuka hapo, mla karanga!" Nebie alisema. "Hiyo itakutupa mtaroni. Halafu inakunywa petroli kama nyinyi mnavyotafuna karanga, haishibi. Ukiinunua, hata hela ya kofia ngumu haibaki." Akapigapiga kiti cha pikipiki ndogo ya buluu, isiyo na klachi. "Chukua hii. Bei yake ni ndogo na haina makuu."

"Hiyo ya bibi yangu kuendea sokoni! Unanionea wivu tu, mla mbwa."

"Miguu yako mifupi, na akili nayo fupi! Nakuambia haikufai!"

Mama Salamata alicheka, Azeta akacheka, Nebie mwenyewe akacheka. Nani amwamini mtani? Kwetu mtani akikuambia mvua inanyesha, unatoka nje kwanza uangalie.

"Haya, ijaribu," alisema Nebie. Alimvika kofia ngumu yake mwenyewe, iliyomfunika hadi kwenye nyusi. "Nenda polepole, urudi."

Pikipiki ilimrusha kidogo mwanzoni, kisha ikatulia. Azeta akajiona malkia wa Tenkodogo. Mara mkokoteni wa punda ukatokea uchochoroni. Alikanyaga breki, pikipiki ikasimama, akatafuta ardhi kwa mguu. Hakuifikia. Pikipiki ikalala upande, taratibu kabisa, ikamwangusha juu ya turubai la karanga zilizoanikwa kando ya barabara.

"Uwii, karanga zangu!" alilia bibi mwenye mali.

Azeta alijaribu kujiinua akashindwa. Pikipiki ilikuwa imemlalia mguu, na hata kuisogeza hakuweza. Alimwona Nebie akija mbio, ndala zikipiga kelele, akafumba macho kwa aibu. Mbisa kuanguka ndani ya karanga mbele ya Mgurunsi! Atachekwa hadi uzeeni.

Nebie hakucheka. Aliinyanyua pikipiki, akachuchumaa.

"Azeta, umeumia? Kunja goti nione."

Siku hiyo hakuwa amemwita kwa jina hata mara moja. Hapo ndipo Azeta alipoogopa kweli, akaangua kilio, ingawa goti lilikuwa limechubuka tu.

"Mjomba Nebie, mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia, mwanangu! Nimekuambia tena na tena!"

"Nilidhani unatania."

Nebie alikuna kichwa. "Basi na mimi nina makosa. Nilipaswa kuacha kucheka kidogo."

Waliokota karanga zote pamoja na yule bibi, aliyewasamehe na hata kuwapa za kutafuna, kisha wakarudi dukani. Safari hii Azeta hakukimbilia rangi. Aliikalia ile ya buluu, nyayo zote mbili zikatua chini. Aliisukuma mwenyewe, akajaribu breki za mbele na za nyuma, akauliza itakunywa petroli kiasi gani kwa wiki. Hela iliyobaki ilitosha kofia ngumu ya kumwenea.

"Umeridhika, au unaninyamazia tu?" mama yake alimuuliza.

"Haipendezi kama ile," Azeta alisema ukweli. "Lakini hii naiweza."

Jumatatu aliingia darasani kabla ya kengele, na Jumanne vilevile. Mwalimu mkuu alimtazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jioni hiyo Azeta alikuwa akiipangusa pikipiki yake vumbi, mama yake akaja kuketi karibu.

"Mama, siku ile ningejuaje kwamba Mjomba Nebie hatanii?"

"Hata mimi nilicheka, kwa hiyo sikulaumu peke yako," alisema Mama Salamata. "Lakini tungejiuliza jambo moja tu. Ile nyekundu ilikuwa ya bei kubwa, na yeye ni muuzaji. Mtu akikutukana huku anakataa hela yako, mwanangu, huyo anakutakia mema. Msikilize."