Povu la Maziwa ya Ngamia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda skuli, Nada alikuwa na kazi ambayo hakuna mwengine nyumbani aliyeiweza: kumvisha viatu mdogo wake. Muhsin alikuwa na miaka mitatu na ubishi wa mtu mzima. Akivishwa kiatu cha kulia, anavua cha kushoto. Baba yao, Mubarak, husimama mlangoni na funguo za gari mkononi.

"Yalla, yalla! Foleni hainisubiri mimi!"

Mama yao, Wafaa, hucheka jikoni huku akifunga mikate ya kula skuli. Hivyo ndivyo siku ilivyoanza katika nyumba yao, mtaa wa Al-Suwaidi, mjini Riyadh. Nje walizungumza Kiarabu kama majirani wote. Wakishafunga mlango, walizungumza Kiswahili cha Unguja, kama walivyofanya wazee wao waliohamia huko zamani.

Lakini asubuhi hii Muhsin hakubishana. Alikaa sakafuni kimya, akaacha avishwe viatu vyote viwili.

"Haya, simama ukamuage baba," alisema Nada.

Muhsin akasimama, akapiga hatua moja, akakaa tena. "Mguu unauma."

"Mguu gani?"

Akashika nyonga. Shavu lake lilikuwa la moto. Homa ilikuwa imerudi, ile ile iliyokuwa ikija na kuondoka tangu walipotoka likizo. Mchana mtoto hucheza kidogo, ikifika magharibi anachemka, akiamka nguo zimerowa jasho.

Mama alikuja akamgusa paji la uso, uso wake ukabadilika. "Jamani, mwanangu huyu ana nini?"

Nada aliinama akajifanya anafunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Kuna jambo alilijua, na hakuwa amemwambia mtu.

Jambo lenyewe lilitokea kwenye likizo ya katikati ya mwaka. Walisafiri kwa gari kutwa nzima kwenda Jeddah, kwa mama yake baba, Bibi Mwanamize, anayekaa mtaa wa Al-Hindawiyah. Bibi huyo ndiye anayewapikia vitumbua watoto wa jirani mpaka kila anayepita ngazini hugonga mlango wake. Baada ya siku chache mjini, baba alikodi istiraha, yaani nyumba ya mapumziko huko nje ya mji, penye mitende, mbuzi na hewa safi. Walikwenda wote pamoja na Ziyad, mtoto wa ami yao, aliyekuwa amemzidi Nada mwaka mmoja na maneno mengi.

Karibu na istiraha alikaa mzee wa Kisudani aliyechunga ngamia. Bibi alimpa Nada birika la bati lenye mfuniko.

"Nenda na wenzako mkaniletee maziwa. Lakini sikiliza, Nada. Asionje mtu. Yalete hapa niyachemshe kwanza."

Bibi na maziwa walikuwa na desturi yao. Huyaweka motoni na iliki, yakipanda huyatoa, yakishuka huyarudisha, mpaka aridhike. Hata maziwa ya boksi huyachemsha hivyo hivyo. Mama humtania, "Mama, hayo yameshachemshwa kiwandani!" Bibi hujibu, "Kiwanda sikijui. Sufuria yangu naijua."

Mchungaji aliwakaribisha vizuri. Alikamua mbele yao, maziwa yakaingia bakulini kwa kishindo, povu likapanda juu jeupe kama la sabuni. Ziyad akapewa bakuli, akanywa, akabaki na masharubu meupe.

"Na wewe onja," alimwambia Nada.

"Bibi amekataza."

"Bibi amekataza! Nyinyi watu wa Riyadh mnadhani maziwa yanazaliwa kwenye friji."

"Yananuka, sitaki."

"Na mimi!" alipiga kelele Muhsin. "Na mimi povu!"

"Wewe subiri, Bibi atakupa."

Muhsin hakujua kusubiri. Alijitupa mchangani, akapiga miguu, akalia mpaka ngamia mmoja akageuza shingo kumtazama. Ziyad alikuwa anacheka. Mchungaji naye alisema kwamba povu ndilo tamu, apewe mtoto. Nada aliona haya. Akachukua mfuniko wa birika, akachotea povu na maziwa, akampa. Muhsin akanywa, akanyamaza. Akaomba tena, akapewa tena. Njiani wakirudi akataka tena, na kwa kuwa alikuwa anatembea vizuri bila kulia, Nada akampa.

Bibi alipofunua birika alishangaa. "Mbona yamepungua hivi? Mmeonja?"

"Hapana, Bibi. Yalimwagika. Njia ina mawe."

"Kweli, Nada?"

"Wallahi, Bibi."

Ziyad akatazama mitende. Bibi akachukua sufuria yake, akayachemsha yaliyobaki.

Homa ilianza walipokwisha kurudi Riyadh. Daktari wa zahanati ya mtaani alimpima Muhsin, akamuuliza mama, "Mtoto amekunywa maziwa yasiyochemshwa?"

"Maziwa mabichi? Hasha! Mama mkwe wangu hata ya boksi huyachemsha."

Daktari akaandika dawa ya homa. Nada alikuwa amekaa kando, macho yake yako kwenye vigae vya sakafu. Alitaka kusema. Lakini alikuwa ameshaapa, na kila siku iliyopita ilifanya neno lizidi kuwa zito. Akajiambia kwamba dawa itamponya, na hapo hakutakuwa na haja ya kusema.

Dawa haikumponya. Mama akaanza kutafuta sababu, na sababu akaipata Jeddah.

"Mtoto alitoka hapa mzima," alimwambia baba jioni moja. "Kule kila kitu alilishwa na mama yako kwa mkono. Samaki, vitumbua, sijui nini. Simlaumu, lakini mama sasa mzee. Pengine hanawi vizuri."

"Wafaa, hayo si maneno."

"Basi niambie wewe maneno ni yapi! Mimi Jeddah siendi tena na watoto mpaka nijue."

Baba hakumwambia Bibi maneno hayo, lakini Bibi hakuwa mtoto. Alipopiga simu ya video kumtazama mjukuu, alimwona Wafaa anavyojibu kwa ufupi, akaelewa. Siku iliyofuata alipopiga, Nada ndiye aliyepokea.

"Bibi, leo hujapika vitumbua?"

"Nimeacha, mwanangu."

"Umeacha? Na watoto wa ngazini?"

"Nimewaambia naumwa na mkono." Bibi aliinua mkono wake mbele ya simu, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwengine. "Nafikiri pengine nilimlisha Muhsin kitu kibaya bila kujua. Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi. Sitaki kumdhuru mtoto wa mtu."

Nada alifungua mdomo. "Bibi..."

"Nakusikia."

"Hakuna kitu, Bibi."

Alikata simu, akaenda kujifungia msalani, akalia huku amefungua maji ili asisikike.

Na sasa ndiyo hii asubuhi ambayo Muhsin ameshindwa kusimama. Baba hakwenda kazini, Nada hakwenda skuli. Walimchukua mtoto mpaka hospitali kubwa. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alikunja mguu wa Muhsin kidogo tu, mtoto akapiga ukelele uliomfanya baba ageukie ukutani.

"Nyonga imevimba kwa ndani," alisema daktari. "Nina wasiwasi na usaha kwenye kiungo. Tutamlaza usingizi kwa dawa, tumchome sindano nyongani, tutoe maji tuyapime. Ikibidi, tutapasua. Lakini kwanza nakuulizeni tena, maana kila jibu linanisaidia. Amekaa karibu na wanyama? Amekunywa maziwa mabichi?"

"Tulikwenda istiraha," alijibu mama kwa sauti iliyochoka, "lakini maziwa mabichi hakunywa kabisa. Nimeshaulizwa hilo."

Daktari akaanza kuandika. Muhsin alinyoosha mkono wake mdogo kutoka kitandani. Hakumtaka mama wala baba. Alimtaka Nada, yule anayemvisha viatu.

Nada alishika ule mkono wa moto. "Alikunywa," alisema.

Hakuna aliyemsikia vizuri. Akasema tena, kwa nguvu, "Mama, alikunywa. Ya ngamia, hayajachemshwa. Mimi nilimpa. Nilimpa mara nyingi. Kisha nikamwambia Bibi yamemwagika."

Mama aligeuka. Mkono wake ulipanda juu, ukabaki hapo hapo.

"Wewe! Umenisikia nikimsema bibi yako siku zote hizi na umenyamaza?"

"Niliogopa, Mama."

"Mwache," alisema daktari. Alikuwa ameacha kuandika. "Mwache, mama. Amenionyesha pa kutafuta. Nani mwengine alikunywa, binti?"

"Ziyad. Mtoto wa ami yangu."

"Naye apimwe leo leo. Kuna ugonjwa unaotoka kwa wanyama, unapita kwenye maziwa mabichi. Wengine huuita homa ya Malta. Unakwenda na kurudi, na ukiachwa unakaa kwenye viungo. Hii sindano ya nyongani tutaisubirisha kidogo. Tuanze na damu."

Damu ikapimwa, na ikawa ndivyo. Muhsin alilazwa, akaanza dawa za ugonjwa wenyewe. Daktari aliwaeleza kwamba atazinywa kwa wiki nyingi bila kukosa hata akionekana mzima. Huko Jeddah, Ziyad naye alipatikana nao. Kumbe kwa muda alikuwa akiumwa mgongo, na mwalimu wake wa mpira akimwita mvivu. Baba yake akaenda kumwambia mchungaji awaite watu wa mifugo wapime ngamia wake.

Ilibaki simu moja. Mama alimpigia Bibi kwanza. "Mama, nisamehe. Nilikudhania vibaya," alisema, akalia. Kisha akampa Nada simu na kutoka chumbani.

"Bibi, maziwa hayakumwagika."

Bibi aliisogeza simu karibu zaidi.

"Uliapa, Nada."

"Niliapa, Bibi. Nilisema uongo."

"Nakuja," alisema Bibi, akakata simu.

Alifika kwa ndege siku Muhsin aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Alivua baibui, akanawa mikono, akaingia jikoni moja kwa moja na kifuko cha iliki. "Nada! Njoo hapa."

Nada alikwenda akasimama mbali kidogo.

"Sogea, sitakula nyama yako. Mimina maziwa hayo kwenye sufuria. Washa moto. Usiende popote, yatazame."

Walisimama wawili wakiyatazama. Maziwa yakatulia, yakatetemeka pembeni, yakapanda ghafla. Bibi akayatoa motoni yakashuka, akayarudisha.

"Nisikilize," alisema. "Ulipompa mdogo wako lile povu ulikuwa unamnyamazisha asilie. Hilo ni kosa la mtoto, nimekusamehe papo hapo. Lakini povu ulimpa siku moja. Kunyamaza, ulinyamaza kila siku. Kila asubuhi ulipoamka ulikuwa na nafasi ya kusema, na kila asubuhi mguu wake ulizidi kuharibika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Ukikosea, sema siku ile ile, hata ukiwa unatetemeka. Daktari hawezi kutibu uliloficha. Na mimi hapa, kwa uongo wako niliutazama mkono wangu mwenyewe nikaukataa."

Nada aliushika ule mkono, akaubusu, machozi yakamdondoka juu yake. Bibi alimwacha alie.

Nyuma yao mlango ukasukumwa. Muhsin alisimama pale, akichechemea bado, ameshikilia ukuta, kiatu kimoja mguuni.

"Povu," alisema. "Na mimi povu."

Nada alimtazama Bibi. Bibi akampa kijiko. Nada akageukia sufuria, akangoja mpaka maziwa yakapanda mara nyengine, akayatoa, akasubiri yapoe. Ndipo alipochota kijiko kimoja, akampa mdogo wake.