Ukurasa wa Arobaini Kwenye Daftari la Hilaire

"Colette iko na mimba yangu. Nikimuambia Laure, ataniacha. Nikinyamaza, Colette atakosa pesa ya hospitali, atakufa."

Jamani!!!

Maneno hayo niliyakuta kwenye daftari alilolisahau kwetu mchumba wangu Hilaire, mwandiko wake kabisa, siku tano kabla familia yake haijaja kwetu kujitambulisha.

Laure ni mimi. Mnaonifuata hapa mnanijua, simulizi zangu za wanaume wasaliti mnazisoma mpaka ugali unaungua.

Basi nikapiga picha ule ukurasa. Nikaweka na picha ya Hilaire, ile ya shati jeupe, na jina lake kamili. Nikaposti! Nyinyi ndio mliosambaza mji wetu mzima wa Likasi, msijifanye mmesahau.

Mchana akafika, kofia ya kazini bado kichwani.

"Laure, juu ya nini haukuniulizaka kwanza?"

"Nikuulize nini? Colette ni nani?!"

"Ulisoma page ngapi?"

"Moja inatosha!"

Akageuka, akaondoka. Hata mlango hakuubamiza.

Jioni shangazi yake, tantine Georgette, akampigia mama.

"Mutoto yenu anaanika maneno ya nyumba ku Facebook mbele ya kuingia mu nyumba. Samedi hatutakuya tena."

Mama alikata simu, akakaa jikoni peke yake. Vitenge vya sherehe ya Jumamosi vilikuwa vimeshashonwa.

Siku ya tatu akaja Doudou, rafiki yake Hilaire. Kwa Doudou ndiko kwenye kompyuta, na Hilaire kila Jumapili baada ya misa alikuwa huko, anacheza mchezo wa kuzunguka falme na upanga. Nilikuwa namcheka! Mwanaume mzima anapiga soga na wanakijiji wa kwenye kompyuta.

Na yeye alikuwa ananijibu:

"Mu hii jeu unaongea kwanza na kila muntu, Laure. Minye nilichomoleaka muzee mumoja upanga, kumbe ni yeye alikuwa na ufunguo. Bantu ba mu histoire zako, habana na choix ya kuchagua njia. Banafanya tu bile weye unataka."

Nilinuna wiki nzima.

Sasa Doudou amesimama mlangoni, hataki hata kiti.

"Colette hayuko muntu, Laure. Ni wa mu histoire, simulizi tu. Hilaire alikuwa anakuandikia zawadi, cadeau ya uchumba wenu. Fungua page ya kwanza."

Daftari bado lilikuwa kwangu. Nikafungua.

"Kwa Laure wangu. Histoire yenye musomaji njo anachagua njia, sawa mu jeu."

Zawadi yangu mwenyewe ndiyo niliyoianika!

Nikafunua mpaka pale nilipopiga picha. Ukurasa uliofuata, wa 9: "Kama Laure anamuuliza bwana yake, enda page 12. Kama hapana kuuliza, enda page 40."

Ukurasa wa 12: "Laure ameuliza. Bwana anasema yote, analia. Laure anakasirika siku mingi. Kisha banakula pamoja."

Wa 40 niliuogopa. Nikausoma...

"Laure hakuuliza. Bwana anakamata sac ya nguo, anaenda Kakanda. Harudi."

"Doudou, Hilaire yuko wapi?"

"Aliondoka asubui. Alipata kazi Kakanda."

Nililia mpaka mama akaja mbio. Posti nilishaifuta, lakini ilikuwa kwenye simu za watu wote. Kwenye mchezo ukikosea unarudia pale ulipohifadhi. Mimi nilipanda gari mpaka Kakanda, Hilaire akatoka kwenye geti la kazini, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilikusamehe, Laure. Lakini kurudia, hapana."

Waandishi wenzangu, wanaume wote wa simulizi zangu walikuwa wabaya kwa sababu mimi nilitaka wawe wabaya. Sikuwahi kumuuliza hata mmoja. Mhusika wako mkalishe chini, muulize, kisha mwache achague. Na mtu wako wa kweli, muulize kabla hujashika simu!

Ukurasa wa 12 umeshalegea kwa kusomwa. Unaofuata ni mtupu, hakuwahi kuuandika.

Hilaire, kama bado unanifuata hapa, leo nauliza.

Colette alipona?