Kelele Hazilimi

Asubuhi hiyo kijiji kizima cha Mbebe kilijua kwamba Asajile analima. Trekta la kikundi cha wakulima lilipiga kelele mpaka kuku wakakimbilia jikoni. Mwanamume huyu, jamani, kwa makelele hajambo!

Aliweka gia ya tatu, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Plau ilipofika kwenye udongo mgumu, moshi mweusi ulitoka. Trekta likazima. Akawasha, likazima tena. Mara tano!

"Baba Gwantwa," mkewe Sekela alisema, "zamu yetu inaisha leo. Kesho trekta linakwenda kwa Gwakisa. Tukirudi kwenye jembe, mvua itatupita kama mwaka jana. Mahindi tutayaona kwa jirani."

"Sasa nifanyeje? Eti hospawa hamsini! Waliotuuzia wametudanganya."

 Sekela alikwenda kumwita jirani yao Ruti. Ruti ni fundi. Ametengeneza injini za malori Tunduma miaka tisa.

Ruti alisikiliza injini, akacheka. "Shemeji, trekta ni zima. Wewe unalikimbiza tu."

"Kwani nguvu si ndiyo hiyo?"

"Hapana. Fikiria kubeba magunia. Kuna uzito unaoweza kuuinua, na kuna idadi ya magunia unayofikisha kwa saa moja. Injini nayo ina nguvu ya kusokota. Hiyo ndiyo inayovuta plau. Ukiizidisha kwa kasi ya mzunguko, unapata hospawa, yaani kazi inakwenda upesi kiasi gani."

"Mbona linazima?"

"Dizeli husokota kwa nguvu zaidi kwenye mzunguko wa kati, si juu kabisa. Weka gia ya pili. Mwendo utapungua, lakini magurudumu yatapata nguvu. Kwa trekta hili, mshale wa mzunguko uwe kwenye elfu moja na mia nane. Ukishuka kidogo, usiogope. Hapo injini inajikaza. Ukishuka chini ya elfu moja na mia nne, simama, weka gia ndogo zaidi."

Asajile alinuna, lakini alitii. Plau ikaingia kwenye udongo mgumu. Mshale ukaanza kushuka. 

Injini ikanguruma kwa sauti nzito. Ikapita.

"Loo! Limepita!" Sekela alipiga kigelegele.

Jioni shamba lote lilikuwa limelimwa, na mafuta yalibaki. Sekela alikuwa tayari anachambua mbegu pale Gwakisa alipofika, uso umejaa wasiwasi.

"Poleni, jamani. Trekta limekufa? Tangu mchana silisikii."

Sekela alimwonyesha shamba.

"Lilikuwa linalima, shemeji."