Tiketi Mbili Kwenye Kundi la Ukoo

Jumamosi ile Mama Elinaza alikamua ng'ombe mapema. Aliwakatia majani ya kutosha mpaka jioni. Alipika loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, akafunika sufuria kwa sinia, akaweka jiwe juu ili paka asifunue. Kisha akatia makaa kwenye pasi, akaanza kunyoosha suruali nyeusi ya mumewe. Mumewe, Mzee Gadiel, hakuwa ameivaa suruali hiyo tangu Krismasi.

"Hiyo suruali ya nini?" aliuliza Mzee Gadiel. "Tunakwenda kwenye maigizo au kwenye kipaimara?"

"Tunakwenda kumwona mtoto wako."

"Mtoto wangu nilimpeleka chuo akasome uuguzi. Huyo anayerukaruka jukwaani simjui."

"Basi leo utamjua. Lete na koti."

Hawa walikuwa wakulima wa Kikwe, chini ya Mlima Meru. Walilima mahindi, maharage na nyanya. Binti yao Elinaza alikaa Lemara, mjini Arusha. Aliacha chuo cha uuguzi, akajiunga na kikundi cha maigizo. Baba yake alinuna. Elinaza akipiga simu, baba husema, "Ngoja nimpe mama yako," basi.

Mama alimbembeleza mumewe shambani, zizini na mezani. Mwishowe Mzee Gadiel alisema, "Nitakwenda mara moja. Mara moja tu, Mama Elinaza. Nikiona ni upuuzi, anarudi chuoni, na habari hiyo isitajwe tena ndani ya nyumba hii."

Elinaza aliposikia hivyo, alilia kwa furaha. Akanunua tiketi mbili. Alijua baba yake haamini vitu vya kwenye simu. Kwa hiyo alizichapisha kwenye karatasi ngumu, akampa jirani wa Kikwe azipeleke nyumbani. Tiketi moja ilikuwa na jina la baba, nyingine jina la mama. Kila moja ilionyesha tarehe, saa, ukumbi na namba ya kiti. Pembeni palikuwa na mraba uliojaa madoadoa meusi.

Sasa, kwa watu wa nyumba ile, zawadi ya mtoto haifichwi. Mtoto akikuletea kitenge, unakivaa kanisani Jumapili ileile. Watu wanakiona, wanamwombea heri. Ukikificha sandukuni, wanasema huna shukrani. Tiketi nayo ni zawadi. Lakini tiketi huivai. Mama Elinaza alifikiri, akapata njia. Alizishika tiketi mbili kwa mkono wa kushoto, akazipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la ukoo.

Chini yake aliandika: "Mungu ni mwema. Mtoto katukumbuka wazazi wake. Ni Jumamosi saa kumi. Karibuni wote tushangilie."

Ukoo ulijibu kwa maua na makofi. Mama Elinaza alisoma kila jibu kwa sauti. Mzee Gadiel alijifanya hasikii.

Walifika ukumbini mapema kidogo kabla ya saa kumi. Foleni ilikuwa ndefu. Kulikuwa na akina mama waliovaa vitenge, wanafunzi, na wazee wenye fimbo. Mlangoni alisimama dada mmoja aliyevaa fulana ya njano, mkononi ana mashine ndogo kama simu nene. Jina lake, Namnyaki, lilikuwa kifuani.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Elinaza. Akatoa tiketi ndani ya pochi. Alikuwa amezifunga kwenye leso ili zisikunjike.

Namnyaki alielekeza mashine kwenye ule mraba wa madoadoa. Mashine ikalia vibaya. Ikawaka taa nyekundu. Akaipangusa, akajaribu tena. Nyekundu. Akajaribu tiketi ya pili. Nyekundu.

"Mama," alisema Namnyaki kwa upole, "tiketi hizi zimeshatumika. Watu wawili wameshaingia nazo."

Mama Elinaza alicheka kidogo. Alidhani ni utani. Alipoona binti hacheki, akazinyanyua tiketi juu.

"Wameingiaje nazo? Tiketi si hizi hapa mkononi mwangu! Zimetoka Kikwe leo hii ndani ya leso yangu!"

"Nakuelewa, mama. Naomba msogee hapa pembeni. Nimwite mwenzangu anishikie mlango, nije niwasikilize."

"Tusogee pembeni kama wezi?" alisema Mzee Gadiel.

Watu wa nyuma waliwatazama. Mmoja alinong'ona, "Wazee wa watu wameuziwa feki." Mama Elinaza alisikia. Uso ulimwaka moto. Ndani ya ukumbi ngoma ilianza kulia.

"Twende nyumbani," alisema Mzee Gadiel. "Nilisema nitakuja mara moja. Nimekuja. Nimeona mlango."

"Baba Elinaza, subiri kwanza. Mtoto anatusubiri."

"Mtoto anayewaletea wazazi wake tiketi mbovu?"

Neno hilo lilimchoma Mama Elinaza. Alijaribu kumpigia Elinaza. Simu ilikuwa imezimwa, maana wasanii walikuwa wamejiandaa kupanda jukwaani. Alikuwa karibu kulia.

Hapo akaja mwanamume mmoja mnene mwenye koti la jinzi. Alizungumza chinichini.

"Maza, umekwama? Usijali. Ninazo mbili za mbele kabisa. Bei ya kutupa. Nitumie hela, nakurushia picha, unaingia chapchap."

"Tiketi za kweli?"

"Za kweli kabisa, maza. Cheki mwenyewe."

Alimwonyesha simu yake. Mama Elinaza aliinama atazame. Aliona tiketi mbili zimeshikwa na mkono wa mtu. Akatazama ule mkono. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu refu lililopinda. Akaangalia kidole gumba chake mwenyewe. Akaangalia tena simu.

"Yesu wangu!" alipiga kelele. "Hicho ni kidole changu!"

"Aa, maza, kidole ni kidole tu."

"Kovu hilo nilijikata kwa panga nikikata majani ya ng'ombe! Baba Elinaza, njoo uone! Huyu ananiuzia kidole changu mwenyewe!"

Foleni nzima iligeuka. Mwanamume yule alitia simu mfukoni, akajichanganya na watu, akatokomea. Mama Elinaza alibaki ameshika kifua. Picha aliyoipiga jikoni kwake, karibu na sufuria ya loshoro, imefikaje kwenye simu ya mtu asiyemjua?

Namnyaki alikuwa amefika. Aliyasikia yote.

"Mama, hii picha uliiweka wapi?"

"Kwenye kundi la ukoo tu. Ni ndugu zangu watupu!"

"Ukoo una watu wangapi?"

"Wamo wengi," alijibu Mzee Gadiel. "Wengine hata mimi siwajui. Wamo wa Moshi, wamo wa Dar, wamo waliooa, wamo walioachika."

"Basi mmoja alimtumia rafiki yake, na rafiki naye akamtumia mwingine," alisema Namnyaki. "Picha ikishatoka huwezi kuirudisha."

"Lakini ile ni picha," alisema Mama Elinaza. "Karatasi yenyewe ninayo mimi."

"Mama, mashine haijui karatasi. Inasoma haya madoadoa tu. Yawe kwenye karatasi au kwenye simu, kwake ni yaleyale. Na yanafungua mlango mara moja. Wa kwanza akipita, wa pili anakataliwa."

"Kwa hiyo ni kama ufunguo?"

"Ni ufunguo, mama. Na huu ukishafungua mara moja, unavunjikia ndani ya kitasa."

Mama Elinaza aliketi kwenye ngazi. "Mimi nimewapa ukoo mzima ufunguo," alisema taratibu. "Nikawaambia na karibuni."

Mzee Gadiel alimtazama mkewe. Alitaka kumgombeza. Akaona alivyojikunyata pale kwenye ngazi, akaghairi. Akamgeukia Namnyaki.

"Mwanangu, hakuna njia?"

"Ipo, mzee. Tiketi hizi zina majina. Mnavyo vitambulisho?"

Mzee alikuwa na kitambulisho cha taifa. Mama alikuwa na kadi ya mpiga kura. Namnyaki alilinganisha majina, herufi kwa herufi. Aliangalia pia kwenye mashine yake.

"Majina ni yenu, na tiketi zilinunuliwa kwetu kihalali. Mwanenu hana kosa. Kosa letu pia lipo. Foleni ikiwa ndefu tunaskani tu, hatusomi jina. Ngoja nimwombe mwenzangu wa ndani akaangalie nani amekaa kwenye viti vyenu."

Aliongea kwenye simu. Walisubiri. Mama Elinaza alikuwa akiwaza majambazi, tena wenye visu. Mlango ulipofunguliwa, alitoka mwanamume aliyevaa suti ya kijivu, ameshika chupa ya soda. Nyuma yake alifuata mwanamke mwenye kilemba kikubwa.

Mama Elinaza alisimama kama aliyeona mzimu.

"Stanley!"

Alikuwa kaka yake wa kuzaliwa naye, anayekaa Olasiti. Mwanamke mwenye kilemba alikuwa mke wake, Fransiska.

"Dada! Shemeji!" Stanley alisema kwa furaha. "Mbona mmechelewa? Tumewashikia nafasi!"

"Umetushikia nafasi gani?" alifoka Mzee Gadiel. "Umekalia kiti changu!"

"Kiti chako? Shemeji, si dada alituma kadi kwenye kundi? Aliandika karibuni wote. Mimi nikajua ni kama kadi ya harusi. Harusi ya mtoto wa Sifaeli tulitumiwa kadi kwenye simu, tukaonyesha mlangoni, tukala pilau."

"Wifi, mimi nilimwambia apige simu kwanza," alisema Fransiska. "Akasema dada yake hawezi kumwandikia karibu ya uongo."

Stanley aliitazama soda yake, kisha akamtazama dada yake aliyekuwa na macho mekundu. Ndipo akaelewa. Chupa nusura imponyoke.

"Kwa hiyo nimeingia kwa wizi? Mimi, mzee wa kanisa?"

"Umeingia kwa picha," alisema Namnyaki. "Kadi ya harusi ina mwenyeji anayekujua kwa sura. Hapa hakuna anayekujua, baba. Tiketi moja ni mtu mmoja, na neno karibu halihesabiki. Ila viti vya nyuma bado vipo. Nunueni pale dirishani."

Stanley alikwenda dirishani haraka. Namnyaki alimfuata.

"Lipia kwa simu, kwa lipa namba hiyo iliyobandikwa. Polepole. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalokuja."

"Limekuja jina la kikundi chenu."

"Vizuri. Lingekuja jina la mtu usiyemjua, ungeacha hapohapo. Ukishalipa, usifute ujumbe. Angalia tarehe na saa kwenye tiketi yako. Na madoadoa usimwonyeshe mtu mpaka ufike kwangu mlangoni."

"Hata mke wangu?"

"Mkeo ana yake," alisema Fransiska, akamnyang'anya tiketi moja.

Mama Elinaza alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akauliza, "Mwanangu, sasa mtu akitaka kumshukuru mtoto wake, afanye nini?"

"Andika maneno, mama. Au piga picha ukiwa hapa, umependeza. Tiketi yenyewe iache kwenye leso. Na ukiona tatizo, usimsikilize mtu wa njiani. Njoo kwetu na kitambulisho."

Waliingia. Mzee Gadiel alikaa kwenye kiti chake, mikono kifuani, uso umekunjamana. Mama Elinaza aliomba kimyakimya.

Taa ziliwaka jukwaani. Akatokea mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, koti kubwa na fimbo. Alitembea kwa kuegemea upande wa kulia. Akasimama, akakohoa mara mbili, akatazama mbinguni kwa jicho moja.

"Mvua hii ni ya kudanganya," alisema yule mzee. "Ngoja nimpe mama yako simu."

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Mama Elinaza aliganda. Ile sauti aliifahamu. Ule mwendo aliufahamu. Ndani ya koti lile alikuwa Elinaza, na mzee aliyekuwa akiigizwa alikuwa amekaa hapa pembeni yake. Akajifunika macho kwa mtandio.

Mzee Gadiel alisimama. Mdomo ulikuwa wazi. Akanyoosha kidole jukwaani.

"Huyo ni mimi!"

Ukumbi mzima uliwageukia. Stanley, kule nyuma, alijificha chini ya kilemba cha mkewe. Jukwaani Elinaza alisita. Alimwona baba yake. Kisha akakohoa mara mbili, akajibu kwa sauti ileile ya baba:

"Keti chini, mzee. Shamba moja halina wenyewe wawili."

Kicheko kilipasuka. Mzee Gadiel alikaa. Mabega yalianza kumtikisika. Mama Elinaza alidhani analia, akamshika mkono. Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akatoa leso. Lakini mwisho wa mchezo, yule mzee wa jukwaani alipokaa peke yake akaitazama simu isiyolia, Mzee Gadiel hakucheka tena. Leso aliibakiza usoni.

Nje, Elinaza alikuja bado amevaa koti. Alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee alimtazama toka kofia hadi viatu. "Ile fimbo unaishika vibaya. Njoo nyumbani nikuonyeshe."

Mama Elinaza aliangua kilio palepale, na Namnyaki akaja mbio akidhani tiketi imeleta tatizo jingine.

Kabla ya Krismasi kikundi kilitangaza onyesho jipya. Safari hii Mzee Gadiel alilipia mwenyewe. Alisoma jina kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri. Alihakiki tarehe na viti. Tiketi zikawekwa kwenye leso. Kisha akaomba simu ya mkewe, akaandika polepole kwa kidole kimoja kwenye kundi la ukoo:

"Tiketi tunazo. Picha hamtaiona. Kila mtu anunue yake, tena mapema, kwa kikundi chenyewe. Atakayekosa atasimuliwa. Mzee anayeigizwa ni mimi."