Palipoyeyuka Barafu

Kila jioni Keskil huingiza betri ya gari ndani na kuilaza karibu na jiko, kama mgeni wa heshima. Asubuhi huirudisha. Kijiji kizima hufanya hivyo. Baridi ikifika nyuzi hamsini chini ya sifuri, betri iliyolala nje huwa jiwe.

Asubuhi moja aliirudisha ikiwa na joto, lakini gari lilisema "ka!" likanyamaza.

Ndani, mkewe Tuyaara hakai. Anachungulia dirishani, anamimina chai, anaisahau. Mama yake, Ogdoo, haoni vizuri tangu kiangazi. Daktari wa macho amekuja mjini kwa ndege, na mchana anaondoka. Hatarudi mpaka mto uyeyuke.

"Mmenivalisha koti la manyoya nichemke humu?" Ogdoo alilalamika. "Mkwe, hilo ni gari au sanamu?"

"Betri imekufa, mama. Nikawashe moto chini ya injini."

"We Keskil, koma!" alidakia jirani yao Maayis, dereva wa lori la maziwa, aliyekuja kwa chai na umbea. "Baridi hii nyaya zinavunjika kama miiba ya samaki, na wewe unaleta moto! Kwanza tujue ugonjwa."

Wakatoka wote.

"Washa taa," Maayis alimwagiza Keskil. "Haya, piga stata."

Ka! Taa zikafifia.

"Si nilisema betri?"

"Taa zikififia, ama betri ni dhaifu, ama umeme umebanwa njiani. Na betri yako imelala pazuri kuliko mimi! Umeme ukibanwa, pale pale hupata joto. Zima. Tuyaara, kila kitu kina barafu. Wapi pameyeyuka?"

Tuyaara aliinama. "Hapa! Boliti ya waya mweusi, unapoungana na bodi. Imelowa!"

"Ndiyo hiyo. Kila siku mumeo anauvuta waya akitoa betri. Huku mwisho unalegea, kutu inaingia, na hakuna anayetazama."

Keskil alivaa glavu. Kwanza akatoa waya mweusi kwenye betri. Akafungua boliti, akasugua kutu kwa msasa, akakaza. Waya mweusi ukarudi kwenye betri mwisho wa yote.

Gari likanguruma. Ogdoo alikuwa ameshakaa kiti cha mbele.

Siku hizi Keskil akitoa betri hushika waya taratibu, na boliti huikagua. Jioni moja aliingia nayo, Ogdoo akamtazama kupitia miwani mipya.

"Alaa! Mkwe wangu, kumbe una mvi!"

"Zimeota siku ile, mama," alijibu Keskil, akailaza betri karibu na jiko.