Mume Wangu Alipangisha Nyumba Yetu Akaenda Kuishi na Samaki

Nilifungua geti la nyumba yangu mwenyewe, hapa Chimwaga, nikakuta mwanamke anaanika nguo kwenye kamba yangu.

Mashati ya kiume alikuwa ameshayamaliza. Amefikia khanga.

Akageuka, akaniamkia vizuri tu.

"Shikamoo mama. Karibu."

Karibu... kwangu.

Nilikuwa natoka Chemba kumuuguza mama yangu mzazi. Begi begani, vumbi mpaka kwenye kope. Nilichokuwa nataka duniani ni kuoga na kulala, basi.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Evelina. Ndiyo tumehamia wiki hii. Unamtafuta nani, mama?"

Jamani, nilikuwa namtafuta nani? Nilikuwa najitafuta mwenyewe.

Nikayaangalia yale mashati kama ni ya Ambokile, mume wangu. Hayakuwa yake. Hilo peke yake likanipa nguvu ya kuuliza.

"Nani kawapangisha hapa?"

"Mzee mwenye nyumba. Alisema mke wake ameshatangulia kwenye nyumba mpya."

Mke ametangulia. Na mke ndiye mimi, nimesimama getini na begi.

Nikampigia.

"Baba Ruthu, uko wapi?"

"Niko Mtera."

"Kuna watu ndani ya nyumba."

"Ee... hao ni wapangaji. Umesharudi? Mama anaendeleaje?"

"Mama hajambo. Mimi nitalala wapi?"

Nikasikia upepo kwenye simu, na ndege wa majini.

"Nimejenga huku," akasema. "Vyumba viwili na veranda. Vitu vingine nimeshavileta, vyako viko kwa Angelina. Njoo uone. Perege wa huku, Mama Ruthu, hawaingii kwenye sufuria."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

Sikugombana naye. Nilikata simu, nikaenda kwa Angelina, mdogo wangu, nikalala kwenye kochi lake na viatu miguuni.

Sasa ndugu zangu, msije mkaanza kunitafutia mchepuko wa mume wangu. Hakuwa na mwanamke. Afadhali angekuwa na mwanamke, ningejua pa kuanzia. Mume wangu alikuwa na samaki.

Ambokile ni mtu wa Kyela, kazaliwa na ndoano mkononi. Alikuwa dereva wa serikali. Wenzake walikuwa wanaomba uhamisho kwenda kwenye posho, yeye anaomba kwenda kwenye maji baridi. Anaulizia kwanza: huko ziwa liko wapi, wanatumia chambo gani, sangara wanakula saa ngapi. Shule ya mtoto baadaye. Mimi baadaye kabisa, maana ni muuguzi, na mahali pa kuchoma watu sindano hapakosekani.

Tukakaa Musoma. Sato wa kumwaga.

Tukakaa Kigoma. Migebuka mpaka majirani wanaficha vyombo vyao tusiwapelekee tena.

Na watu wanadhani ukikaa ziwani basi una maji. Thubutu. Musoma nilikuwa nashuka na ndoo, napanda na ndoo. Kigoma ndiyo kabisa, mlima ule mnaujua wenyewe. Yeye anapita na fimbo yake ya kuvulia, anapiga mluzi, mimi nafuata na ndoo kichwani. Shingo hii ninayoigeuza kwa shida leo, haikuharibika kitandani.

Serikali ilipohamia Dodoma, na sisi tukahamishwa. Jamani, nilifurahi. Nchi kavu, hakuna ziwa, kuna bomba. La mgao, ndiyo. Unaamka unalisikiliza kama linakohoa. Lakini bomba liko uani, unafungua ukiwa umevaa ndala.

Tukajenga Chimwaga. Nikasema hapa ndipo nitakapochoka vizuri.

Kumbe mwenzangu alikuwa anaugua. Kila likizo anazunguka kukagua maji. Akaenda Hombolo, akarudi kanuna, samaki wadogo. Akaenda Bahi, akaambiwa lile ziwa lina miaka yake, mwaka mwingine wanalisha ng'ombe humo humo. Akaenda Mtera... akarudi anacheka peke yake.

Nikajua nimekwisha. Sikujua tu kwamba atasubiri astaafu, na mimi niwe Chemba kwa mgonjwa.

Basi alikuja mjini kunibembeleza, kabeba perege kwenye ndoo. Akakaa sebuleni kwa Angelina, mpole kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Ruthu, nyumba inakusubiri."

"Maji mnapata wapi?"

Akashangaa. "Maji? Ziwa liko pale pale."

"Nimekuuliza maji ya kupikia na kuoga. Nani anayachota?"

Akaangalia miguu yake.

"Sikiliza Baba Ruthu. Mimi ndoo sibebi tena. Sikuachi, na sikugombezi. Ila siendi Mtera mpaka maji yafike mlangoni. Nifungue, yatoke. Siku hiyo utaniona."

"Maji yakifika mlangoni unahamia?"

"Asubuhi yake."

Akaondoka na ndoo yake. Na kwa kweli alihangaika. Kulikuwa na mradi wa bomba kijijini, akachanganya nguvu na majirani, wakachimba mtaro. Kila akija mjini ananipa taarifa. Mtaro umefika kanisani. Mtaro umefika kwa Bartolomayo, huyo ni jirani yake, mvuvi wa siku nyingi.

Mimi niko kwenye kochi la Angelina. Watoto wake wakitaka kuangalia katuni, mgonjwa wa shingo anahamia jikoni. Nilishaanza kuitamani hiyo Mtera, siwafichi.

Siku moja Ambokile kaja mjini kliniki, tunakunywa chai. Simu yake ikaita. Masikio yake si mazuri, huwa anaweka sauti kubwa.

"Mzee, ni mimi Bartolomayo."

"Sema jirani."

"Maji yamefika mlangoni."

Nikaweka kikombe chini.

"Unasema kweli?"

"Yamefika, mzee. Yamekuja leo asubuhi. Njooni haraka, njooni na gari..." Mtandao ukakata.

Ambokile akanitazama. Machozi yalikuwa yanamlenga, mtu mzima yule. Na mimi, kwa uchovu wangu wote, nikapiga kigelegele mpaka Angelina akatoka chumbani kuuliza nani kaposwa.

Kwa mtu wa Dodoma, ukiambiwa maji yamefika unauliza kitu gani tena? Unaosha madumu.

Ambokile akajaribu kumpigia ashukuru. Hapatikani.

Kesho yake alfajiri tukakodi kirikuu. Nikapakia kitanda changu, masufuria, na beseni jipya nililonunua makusudi. Njia nzima mume wangu alikuwa ananionyesha vitu dirishani kama bwana harusi.

Tulipofika kijijini, kochi letu lilikuwa kando ya barabara.

Na meza yetu. Na godoro, limekunjwa, limelowa nusu. Juu ya kochi amekaa mzee mwembamba, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Mbona mmechelewa hivyo?" akasema. Ndiyo Bartolomayo.

"Kuna nini?" Ambokile akauliza.

"Si nilikwambia maji yamefika mlangoni? Nimeokoa nilivyoweza na vijana. Sasa hivi yako dirishani."

Nikatazama upande wa ziwa. Ziwa lilikuwa limetufuata. Katikati ya maji niliona bati jekundu, na kuta, na veranda ile niliyoimbiwa... mtumbwi umefungwa kwenye nguzo yake.

"Lakini hapa mvua haijanyesha," mume wangu akasema. Sauti haikuwa yake.

"Imenyesha Mbeya huko na Iringa, mzee. Huku yanakuja tu. Hili si ziwa, ni bwawa. Likikauka tunalima humo, likijaa tunahama, tunalipisha."

"Na mlimwacha ajenge?" nikauliza.

"Mama, tulimwonyesha kiwanja kule juu, kwenye mawe. Akasema ni mbali na samaki."

Nikamgeukia Ambokile. Nilitegemea atalia, na nilikuwa tayari kumshika mkono, Mungu ni shahidi. Kiinua mgongo chake chote kiko mle majini.

Akatazama nyumba muda mrefu.

"Perege watakuja kutaga pale kwenye kuta," akasema. "Wanapenda mahali pametulia."

Nilikaa kwenye kochi langu pale barabarani, nikacheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikagundua si kicheko tena. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu wa Musoma na Kigoma na wa leo, wote kwa pamoja.

"Baba Ruthu, mimi narudi."

"Utarudi wapi? Nyumba ina watu."

"Nitaongea nao."

Dereva wa kirikuu hakuwa ameshusha kitu. Akageuza gari. Kwenye kioo nikamwona mume wangu na Bartolomayo wanabeba godoro kuelekea kule juu, kwenye mawe.

Evelina alinifungulia geti. Nikamweleza, bila kupamba. Hakusema pole nyingi.

"Mama, kile chumba cha uani hatukitumii. Ingia."

Kwa hiyo, nyie mnaoniona nafua uani kwenye nyumba yangu mwenyewe kama mpangaji, ndiyo hivyo. Chumba kimoja. Mlango wangu unatazama bomba.

Ambokile kajenga kibanda kule juu. Anavua. Jumamosi anakuja na samaki, tunawakaanga, tunakula na akina Evelina, anarudi zake. Watu wanauliza tumeachana? Hatujaachana. Yeye anakaa kwenye samaki, mimi nakaa kwenye maji ya kunywa.

Wale mlioniandikia inbox kuuliza ni wapi pazuri pa kustaafia kama unapenda kuvua: Mtera pazuri. Samaki wapo, watu ni waungwana. Jenga juu. Ila kabla ya kuuliza samaki wanakula saa ngapi, muulize atakayeishi na wewe huko kama anataka kwenda, na umsikilize akijibu. Mimi nimezungushwa nchi hii kwa maziwa na mabwawa, na sikuwahi kuulizwa.

Mpaka Jumamosi iliyopita.

Tumekaa uani, anapara magamba. Akaanza, taratibu, kwamba kuna mtu kamsimulia habari za Ziwa Rukwa. Samaki wa huko si mchezo. Nikawa nangoja tarehe ya kuhama, maana namjua.

Akaacha kisu.

"Mama Ruthu, wewe unaonaje?"

Nilimtazama mpaka akaona aibu.

"Hapana," nikasema.

"Sawa," akasema, akachukua samaki mwingine.

Nikaingia ndani nikafunga mlango, nikalia kidogo, nikatoka kwenda kuweka mafuta jikoni.